FUAWE YA MISIONI YETU



Katika siku hizi za Jubilei tunawataja kwa heshima maaskofu, mapadri na wakatekista waliotutangulia katika imani. Ni haki yao. Lakini kuna shahidi mwingine, asiye na kinywa, aliyelala miaka mingi nyuma ya ghala ya misioni, katikati ya majani, akikaliwa na kuku. Ndiyo fuawe, kile chuma kizito chenye pembe ambacho wahunzi hufulia juu yake, na ambacho vijana wa shule wanakiita kwa Kifaransa enclume.

Mnunuzi wa vyuma vikuukuu alipofika, ilibaki kidogo tu iuzwe. Wazee wakakataa. Walisema: «Hii ilikuja na Mapadri wa kwanza, imebebwa mabegani toka Bagamoyo.» Basi tukapewa kazi ya kuichunguza, ili neno lao liandikwe katika kitabu hiki.

Tuliisugua kwa brashi na mafuta ya taa, bila tupa, maana maandishi ya zamani hayana kina. Kisha tukapaka unga wa chokaa ubavuni na kufuta juu juu kwa kitambaa. Chokaa ikabaki ndani ya herufi. Tukasoma jina la Peter Wright, mtengenezaji wa fuawe wa mji wa Dudley. Karibu yake jina la inchi ya Uingereza kwa Kiingereza. Halafu tarakimu tatu: 1, 2, 10.

Wengine walidhani ni tarehe. Sivyo, ni uzito, kwa hesabu ya zamani ya Waingereza. Tarakimu ya kwanza huhesabu mafungu ya ratili 112. Ya pili huhesabu robo za fungu hilo, yaani ratili 28 kila moja. Ya tatu ni ratili zinazobaki. Basi 112, na 56, na 10, jumla ni ratili 178, karibu kilo 81. Tulipoipima kwa mizani ya wanunuzi wa mahindi, tulipata kilo 79. Zile mbili zilizopungua zilimeguka kingoni, kipande kwa kipande, chini ya nyundo za watu ambao majina yao hayamo katika vitabu vya misioni.

Lakini jina la inchi ndilo lililotushtusha. Ni sheria ya Marekani ya mwaka 1890 iliyodai kwamba bidhaa za kigeni ziandikwe jina la inchi zilikotoka, na hivyo viwanda vilivyouza huko vikaanza kuliandika. Nao Mapadri Weupe walikuwa wamekwisha kupokea Mpala mwaka 1885, kituo alichokijenga Kapteni Storms mwaka 1883. Fuawe yetu haikuwamo katika misafara ile. Tena chini ya pembe tulikuta herufi zilizochongwa kwa patasi, alama ya mwenyewe wa kwanza, zisizo za misioni. Kwa hiyo ilitufikia ikiwa imekwisha kutumika mahali pengine. Tukumbuke pia kwamba mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 30 tu. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na ile ya Kabalo ilifika Albertville, leo Kalemie, mwaka 1915. Tangu hapo vyuma vizito viliweza kufika ziwani bila kuvunja mabega ya watu.

Tuliogopa kuwapelekea wazee habari hiyo. Lakini Jubilei haisimamishwi juu ya neno lisilo kweli. Walitusikiliza kimya, kisha mmoja wao akauliza: «Kama haikuja na Mapadri wa kwanza, basi kabla yake babu zetu walifulia majembe juu ya nini?»

Swali hilo lilitufumbua macho. Babu zetu walifulia juu ya jiwe gumu, na juu ya fuawe zao wenyewe za chuma. Katika bonde la Upemba wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta kaburi la zaidi ya miaka elfu moja, na ndani yake fuawe ya chuma karibu na kichwa cha marehemu, pamoja na shoka. Kwa Waluba uhunzi uliambatana na ufalme wenyewe. Mafrera walipowafundisha vijana wa misioni kufua chuma kwa namna ya Ulaya, hawakukuta watu wasioujua moto. Walikuta wana wa wahunzi.

Basi tuliamua isiuzwe, wala isiwekwe tu ili itazamwe. Tuliigonga kwa nyundo ndogo, ikalia kama kengele. Iliyopasuka hulia kama chungu kilichovunjika. Tuliangusha gololi ya chuma usoni pake toka sentimeta 25, ikaruka hata 18: ndiyo dalili kwamba bamba la chuma cha pua, lililounganishwa kwa moto juu ya mwili wa chuma laini, lingali gumu. Kwa sababu hiyo tuliwakataza mafundi kuitia motoni au kuziba kingo zake kwa umeme, maana joto lingeuondoa ugumu huo. Kingo tulizilainisha kidogo tu kwa tupa. Tuliisimika juu ya gogo la mti mgumu, uso wake ukiwa sawa na ngumi ya fundi aliyesimama wima na kuteremsha mkono.

Leo, katika kiwanda cha parokia, vijana wanafua juu yake majembe na visu kwa resori za malori yaliyokufa. Bawaba za mlango mkubwa wa kanisa, ambao ninyi wageni wetu mmeupita asubuhi, zilifuliwa hapo.

Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamtaja mhunzi akaaye karibu na fuawe yake, moto ukimchoma mwili na sauti ya nyundo ikimjaa masikioni. Naye anafundisha kwamba bila mafundi wa namna hii mji haukaliwi. Nasi tunaongeza kwamba bila wao parokia hii isingejengwa. Mwenyezi Mungu awape pumziko wahunzi wetu wote, wale wa jiwe na wale wa fuawe, na aibariki mikono inayoshika nyundo leo.