Ng'ombe wa Jirani: Kutoka Ubuhake hadi Girinka Nchini Rwanda

Salamu ya zamani ya Kinyarwanda, *Amashyo*, humtakia mtu makundi ya ng'ombe. Jibu lake, *Amashongore*, humtakia aliyeamkia makundi ya majike. Anayeshukuru kwa wema mkubwa husema *Gira inka*, yaani uwe na ng'ombe. Pombe ya ndizi au ya mtama, iliyonywewa kwa mirija kutoka chungu kimoja, iliwakutanisha majirani wa kilima. Lakini ng'ombe ndiye aliyemfunga mtu na mwenzake kwa miaka mingi.

Aliyepewa ng'ombe alitarajiwa kurudisha fadhila kwa ndama, kitendo kiitwacho *kwitura*. Baina ya watu wa hali sawa, zawadi hiyo ilizaa urafiki. Baina ya mwenye nguvu na mnyonge ilizaa ubuhake: mteja (*umugaragu*) alipata maziwa na ulinzi, naye akamtumikia bwana wake (*shebuja*), huku ng'ombe akibaki mali ya bwana, aliyeweza kumchukua tena. Wapo waliouita ubuhake mkataba. Jina hilo ni la upole mno kwa uhusiano ambao mteja hakuweza kuuvunja bila kurudi mikono mitupu.

Mwaka 1954 Mwami Mutara III Rudahigwa aliufuta ubuhake, na ng'ombe wakaanza kugawanywa baina ya mabwana na wateja wao. Malisho, hata hivyo, hayakugawanywa. Aliyekuwa sasa na ng'ombe wake mwenyewe alilazimika bado kumwendea mwenye malisho, na utegemezi ukabadili sura tu.

Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 dhidi ya Watutsi, suala la ujirani lilirejea kwa uzito mwingine. Wakimbizi waliorudi kutoka nchi jirani, baadhi yao wakiwa wamezaliwa ugenini, waliishi karibu na manusura. Na katika vijiji vya *imidugudu*, kaya zisizojuana zilijenga nyumba bega kwa bega. Mpango wa Girinka, ulioanzishwa mwaka 2006, ulirithi zawadi ya kale lakini ukaigeuza: familia maskini hupewa ng'ombe, kisha ndama jike wa kwanza huenda kwa jirani mwingine mhitaji. Deni halirudi juu kwa mtoaji, bali hupita upande kwa upande. Aliyepokea jana huwa mtoaji leo, na hapo ndipo penye thamani kubwa ya mpango huu, pengine kuliko maziwa yenyewe. Ni kweli pia kwamba ndama anayetolewa kwa kufuata orodha hana uzito ule ule wa ndama anayetolewa kwa hiari, na tathmini zinazohesabu mifugo pekee haziwezi kuiona tofauti hiyo.

Lipo jambo lililobaki tangu 1954. Ng'ombe wa Girinka hulishwa zizini, hivyo mpokeaji hutakiwa kuwa na banda na kipande cha ardhi cha kuoteshea majani. Kaya isiyo na ardhi hiyo inaweza kukosa ndama, hata kama jirani yake yuko tayari kumtoa.