Maana na matumizi ya neno "fun": si kila raha ni furaha

NENO "fun" lina herufi tatu tu, na halikosekani katika mazungumzo ya kila siku ya Kiingereza. Hata hivyo, huwapotosha wanafunzi wengi, kwa kuwa Kiswahili hakina neno moja linalolingana nalo sawasawa.

Athari huonekana zaidi mwanafunzi anapoingia sekondari. Katika wilaya kama Igunga, mkoani Tabora, mtoto aweza kuzungumza Kinyamwezi au Kisukuma nyumbani, akasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha akaanza kidato cha kwanza kwa Kiingereza. Akiwa amefundishwa kwamba "fun" ni furaha, akakutana na sentensi "They made fun of him", atadhani mtu huyo alifurahishwa, kumbe alidhihakiwa.

Kosa hilo lina asili yake. Katika karne ya 17 neno hilo lilihusu hila na kumchezea mtu shere. Maana ya burudani ilienea katika karne iliyofuata, na Samuel Johnson, katika kamusi yake ya mwaka 1755, bado alilihesabu kuwa neno la watu wa chini. Maana ya kale imesalia katika "make fun of", yaani kudhihaki.

Kisarufi, "fun" ni nomino isiyohesabika. "We had fun" ni "tulijiburudisha"; "for fun" ni "kwa kujifurahisha tu". "Funny" ni kitu cha kuchekesha, au cha ajabu chenye kutia shaka. Kwa hiyo, sherehe iliyopendeza huitwa "fun". Mwenyeji akiambiwa ilikuwa "funny", ana haki ya kuudhika.

Kwa upande wa Kiswahili, maneno yanayokaribiana nalo yana mizizi ya Kiarabu, na kila moja lina mipaka yake. Furaha ni hali ya moyoni. Raha asili yake ni mapumziko, ndiyo maana Wakatoliki huwaombea marehemu raha ya milele. Starehe nayo imetokana na kupumzika. Huko pwani, anayetaka kuinuka kumpisha mgeni huambiwa "starehe", yaani aendelee kukaa. Siku hizi, hata hivyo, "mtu wa starehe" si sifa njema, na anasa hubeba lawama zaidi. Burudani inatokana na ubaridi: kuburudika ni kupoa baada ya joto.

Hivyo, mengi ya maneno haya yanamfikiria mtu aliyechoka au aliyeunguzwa na jua. Maana hiyo yaeleweka vyema katika nchi ya Unyamwezi. Katika karne ya 19 wapagazi wake walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi pwani, safari ya miezi kadhaa iliyopitia nyika kame ya Mgunda Mkali. Moja ya maelezo ya jina Bagamoyo ni kwamba msafiri alipofika hapo alibwaga moyo. Wengine hulihusisha jina hilo na majonzi ya watumwa.

Hata hivyo, furaha haikungoja mwisho wa kazi. Wapagazi waliimba njiani, na ngoma, ambayo Wanyamwezi na Wasukuma huiita mbina, huambatana pia na kilimo. Mfano ni bugobogobo, ngoma ya Wasukuma inayochezwa kwa majembe. Mkulima anayelima kwa wimbo hastarehe, wala hafanyi anasa. Lakini Mwingereza angeweza kusema anapata "fun".

Kwa mfasiri na mwalimu, kanuni iliyo salama ni kutazama tendo kwanza. Mchezo na ngoma ni burudani. Mapumziko ni raha. Hali ya moyo ni furaha. Na pale anayechekwa hacheki, neno sahihi ni dhihaka.