Kutoka Wodi za Mulago hadi Siri ya Kirusi

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, tabibu wa upasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Na kwa kuwa muda si mrefu alimkuta Jinja mtoto mwingine mwenye maradhi yayo hayo, alirejea kwenye kumbukumbu za wagonjwa, akazipekua kwa subira, na mwaka 1958 akatangaza habari za saratani ambayo kisu chake hakikuweza kuiponya.

Machi 1961 alihutubia London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, ambaye alidhani kwamba nyuma ya maradhi hayo pana kirusi. Vipande vya uvimbe vikasafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, hata mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi walichokiona kwa hadubini ya elektroni. Baadaye ilidhihirika kwamba kirusi hicho, kilichomo katika miili ya watu wazima walio wengi duniani, kinahusika pia na saratani ya nyuma ya pua, juu ya koo, inayowapata zaidi watu wa China ya Kusini.

Lakini vipi seli zenye kirusi hicho zisiangamizwe na kinga ya mwili? Sehemu ya jawabu ilitoka kwa mnyoo mdogo, ambamo mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun walieleza RNA fupi mno, aina iitwayo leo maikroRNA, isiyozaa protini, bali huzuia amri ya jeni nyingine. Na mwaka 2004 kundi la Thomas Tuschl, likichunguza seli za saratani ya Burkitt zenye kirusi cha Epstein, lilikuta maikroRNA za kirusi chenyewe, za kwanza kujulikana katika kirusi chochote. Ilhali kinga humtambua mgeni aghalabu kwa protini zake, maikroRNA hizi hufanya kazi bila kuizindua. Na mojawapo, miR-BART2-5p, huizuia seli isitengeneze MICB, protini ambayo seli iliyodhurika huitweka nje kama bendera ya taabu, ili seli za kinga ziijie na kuiua.

Elimu hii, basi, ina deni kwa watoto wa Uganda na kwa kumbukumbu zilizotunzwa vema. Na kila hospitali yetu inayoandika kwa uaminifu habari za mgonjwa wake inawawekea akiba watafiti wasiozaliwa bado.