Jaribu Uone

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Tanganyika, pamoja na African Film Productions ya Afrika Kusini, ilijaribu kutengeneza filamu za Kiswahili. Katika Muhogo Mchungu, Rashidi Kawawa aliigiza mtu wa shamba aliyeingia Dar es Salaam na kukutana na hila za mjini. Funzo halikufichwa: heri ya kesho ya mnyonge i shambani kwao.

Uhuru ukaja mwaka 1961; wenye kamera wakabadilika, funzo likabaki. Fimbo ya Mnyonge, filamu ya Tanzania Film Company ya katikati ya miaka ya 1970, inamfuata Yombayomba, mkulima aliyekwenda mjini kutafuta kazi, akaikosa, kisha akaiona nuru katika kijiji cha ujamaa. Vijiji vya namna hiyo havikuwa vya kuigiza. Wasio na kazi wa Dar es Salaam walikuwa wamekwisha kupelekwa pwani ya Temeke ya siku hizo, leo Kigamboni, kwenye kijiji cha Gezaulole, jina ambalo kwa Kizaramo ni “jaribu uone”.

Mwaka 1976 mji uliwasaka tena wasio na kazi ili warejeshwe mashambani. Waziri Mkuu (nani angethubutu kuitunga hadithi hii?) alikuwa Kawawa yuleyule.

Wengi walirudi kimyakimya. Manzese, Tandale na Mbagala zikajaa watu ambao filamu zote mbili hazikuwaota. Sensa ya 2012 iliwahesabu: Kinondoni 1,775,049, Temeke 1,368,881.