Kuroiler

Kuroiler ni kuku chotara aliyezalishwa nchini India kwa ajili ya ufugaji wa nyumbani, hasa vijijini. Hufugwa kwa nyama na kwa mayai. Kuanzia miaka ya 2010 amesambaa pia Afrika Mashariki, zikiwemo Uganda, Kenya na Tanzania.

Historia

Kuroiler alitolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kampuni ya Kegg Farms ya Gurgaon, katika jimbo la Haryana, iliyoanzishwa na Vinod Kapur. Kuku wa kisasa walihitaji banda, chakula cha kununua na uangalizi mwingi. Kuku wa kienyeji waliweza kujitafutia chakula, lakini walikua polepole na kutaga mayai machache. Lengo lilikuwa kuunganisha sifa za pande zote mbili.

Nchini India vifaranga hulelewa kwanza na wafugaji wadogo kwa wiki chache na kupewa chanjo, kisha wachuuzi huwapeleka vijijini, mara nyingi kwa baiskeli.

Mwaka 2010 Kuroiler aliingizwa Uganda kwa majaribio yaliyoongozwa na Jagdev Sharma wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani. Nchini Tanzania alijaribiwa katika kaya za wafugaji pamoja na kuku aina ya Sasso, katika mradi ulioongozwa na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI).

Uzalishaji

Kuku waliotumika kumpata Kuroiler ni pamoja na majogoo wa nyama wenye manyoya ya rangi, majogoo weupe wa Leghorn na matetea wa Rhode Island Red. Wazazi wa koo tofauti wanapokutanishwa, vifaranga wa kizazi cha kwanza mara nyingi hukua vizuri na kuwa na afya kuliko wastani wa wazazi wao. Hali hiyo huitwa nguvu ya uchotara.

Sifa

Kuroiler ana manyoya ya rangi mbalimbali, jambo linalompendeza mnunuzi aliyezoea kuku wa kienyeji. Tetea hutaga takriban mayai 150 kwa mwaka, wakati kuku wa kienyeji wa India hutaga karibu 40. Jogoo hufikia uzito wa kilo 2.5 au zaidi. Hula wadudu, majani na mabaki ya jikoni, ila hukua vizuri zaidi akiongezewa chakula.

Tatizo la kizazi cha pili

Tetea wa Kuroiler huatamia kwa nadra, hivyo mayai yake hutotoleshwa kwa mashine au kuwekewa kuku wa kienyeji. Hata yakianguliwa, vifaranga hawafanani: baadhi hukua haraka, wengine hudumaa au hutaga kidogo, kwa sababu sifa za mababu hugawanyika upya na nguvu ya uchotara hupungua. Kwa hiyo mfugaji anayetaka matokeo yaleyale hulazimika kununua vifaranga wapya kila awamu.

Kupata aina inayozaa mfano wake huchukua vizazi vingi. Machotara hupandishwa wao kwa wao, na katika kila kizazi huachwa wale tu wenye sifa zinazotakiwa, huku koo kadhaa zikitunzwa ili ndugu wasizaliane. Rhode Island Red alipatikana kwa njia hiyo huko Marekani katika karne ya 19, na alitambuliwa rasmi kama aina kamili mwaka 1904.

Ufugaji

Kuroiler huhitaji chanjo, hasa dhidi ya mdondo, gumboro na ndui ya kuku. Akiachwa kuchanganyika na kuku wa kijijini, majogoo wake huweza kufifisha koo za kienyeji kama Kuchi, ambazo zimezoea mazingira na magonjwa ya kwao. Wafugaji wanaotaka kuhifadhi koo hizo hutenga majogoo.