Mwendo wa kitu kilichorushwa

Mwendo wa kitu kilichorushwa ni mwendo wa kitu ambacho, baada ya kupewa kasi ya mwanzo, huongozwa na uvutano wa Dunia peke yake. Galileo Galilei, katika kitabu chake cha 1638, alionyesha kwamba njia ya kitu hicho ni parabola: kasi ya mlalo haibadiliki, ile ya wima hubadilika kwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde. Ndiyo maana hesabu nzima hutegemea kutenganisha pande hizo mbili, ambazo huunganishwa na muda tu. Mara nyingi muda ndio wa kutafutwa kwanza.

Roketi huonyesha mipaka ya fasili hiyo. Kusini-mashariki mwa Manono, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye uwanda ulio juu ya mto Luvua, kampuni ya Kijerumani OTRAG ilijaribu roketi mwaka 1977 na 1978. Injini inapowaka, roketi haimo katika fasili hii, kwa kuwa inasukumwa. Ikizimika, kanuni huanza kutumika. Kwa mfano, kutoka kilele cha kilomita 30, kanuni hutoa sekunde 78 hivi za kuanguka na kasi ya wima ya takriban mita 767 kwa sekunde ardhini. Itapingwa kwamba hewa hupunguza mno kasi hiyo. Kwa roketi, pingamizi hilo ni zito kweli. Kwa jiwe lililorushwa mita chache kosa ni dogo, na hata hesabu kamili huanza na milinganyo ileile miwili, wa mlalo na wa wima, ikiongezewa ukinzani wa hewa. Ila hapo pande mbili haziko huru tena.