Mtoto akiumia shuleni, mzazi aelezwe saa iyo hiyo

MTOTO huanguka uwanjani wakati wa mapumziko, akalia kidogo, akapanguswa vumbi na kurejea darasani. Jioni hufika nyumbani akiwa mchovu, akakataa chakula na kulala mapema. Mamaye, ambaye hakuambiwa lolote, humfunika blanketi akidhani ni uchovu wa masomo.

Hapo ndipo hatari ya kuchelewesha habari hujitokeza. Damu yaweza kuvuja ndani ya fuvu huku mtoto akionekana mzima kwa saa kadhaa. Usingizi usio wa kawaida, kutapika mara kwa mara, kichwa kinachozidi kuuma, degedege, au majimaji yanayotoka puani na masikioni ni dalili za kumkimbiza hospitalini. Mzazi asiyejua kwamba mwanawe aligonga kichwa hawezi kuzitambua.

Mkono uliovunjika nao hausubiri kengele ya kwenda nyumbani. Uvimbe ukibana mishipa ya damu, misuli huanza kufa katika muda wa saa chache.

Wajibu wa shule

Huduma ya kwanza na simu kwa mzazi ziende sambamba: mwalimu mmoja amhudumie mtoto, mwingine apige simu. Mzazi aelezwe kilichotokea, saa, sehemu iliyoumia, hatua zilizochukuliwa na mahali mtoto alipo. Ndiye anayejua iwapo mwanawe ana pumu, kifafa au selimundu, dawa zinazomdhuru, na iwapo amekamilisha chanjo ya pepopunda.

Kiungo kinachoshukiwa kuvunjika kisikandwe wala kunyoshwa; kifungwe gango na kutulizwa. Mtoto huyo asipewe chai wala chakula, kwani huenda akahitaji dawa ya usingizi hospitalini. Aliyeungua amwagiwe maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20.

Aidha, tukio liandikwe katika daftari siku hiyo hiyo, pamoja na saa ambayo mzazi alipigiwa. Nambari za simu za wazazi zihakikishwe kila muhula.

Baadhi ya walimu hunyamaza kwa kuchelea lawama, hasa pale jeraha limetokana na kiboko, adhabu iliyopigwa marufuku mwaka 2001 na kukatazwa tena na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Hata hivyo, mficha maradhi kifo humuumbua.

Sheria yasemaje

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 chasema kuwa maslahi ya mtoto hutangulia katika kila jambo linalomhusu. Kifungu cha 43 nacho kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Kwa hivyo, simu ya mzazi isipopatikana, shule isimsubiri. Impeleke mtoto hospitalini huku ikiendelea kumtafuta. Sheria ya Afya ya 2017 inaruhusu matibabu bila idhini iwapo kuchelewa kunaweza kuleta kifo au madhara ya kudumu.

Hatua za mzazi

Mzazi anayepata habari kwa kuchelewa aanze na hospitali, si ofisi ya mwalimu mkuu. Amweleze daktari saa ambayo mtoto aliumia, kisha ahifadhi stakabadhi za matibabu na picha za jeraha. Mtoto aulizwe kwa upole, bila kutiwa maneno kinywani.

Baada ya hapo, mzazi aombe maelezo ya maandishi kutoka kwa mwalimu mkuu. Asiporidhika, aende kwa bodi ya usimamizi, kisha ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Mwalimu akishukiwa kumdhuru mtoto, malalamishi yapelekwe kwa polisi na Tume ya Huduma za Walimu (TSC). Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo.

Mzazi aliyeelezwa mapema kwamba mwanawe ameanguka huenda akakasirika, lakini usiku huo atajua la kuangalia.